Kesi ya leba Malindi na Lamu: fidia hupunguzwa kabla barua ya wakili haijafika

Mwongozo huu ni wa mwenye hoteli ndogo, nyumba ya wageni, mkahawa, chombo cha kutembeza watalii au nyumba ya kupangisha yenye mpishi na askari, kuanzia Malindi na Watamu mpaka Amu (mji wa Lamu), Shela na Manda. Tunamlenga mwajiri mwenye watu watatu au ishirini, asiye na ofisi ya wafanyakazi wala wakili wa kudumu, ambaye asubuhi moja huletewa barua ya madai ya laki nne na zaidi kutoka kwa mtu aliyekuwa akimlipa elfu kumi na nane kwa mwezi. Sheria yenyewe ni Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007.

Kwanza tenga deni na adhabu

Barua ya madai huchanganya vitu viwili, na mwajiri akivichanganya pia atapoteza vyote. Kuna deni: mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, likizo isiyochukuliwa, posho ya nyumba, kazi ya ziada, notisi. Hizo ni fedha za mfanyakazi. Hakuna ujanja wa kuzipunguza, na asiwepo mtu wa kukuuzia ujanja huo. Kitu pekee kinachoziondoa ni kuwa ulizilipa na unaweza kuonyesha kuwa ulizilipa.

Kisha kuna fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki. Hiyo ndiyo adhabu, na ndiyo yenye nafasi kubwa ya kupanda au kushuka. Kifungu cha 49 kinaipa mahakama uwezo wa kutoa hadi mishahara ya miezi 12. Hakimu anaweza kutoa miezi 12, anaweza kutoa miwili, anaweza asitoe kitu. Kifungu hichohicho kinamtajia mambo ya kutazama: mfanyakazi alitumikia muda gani, yeye mwenyewe alichangia kiasi gani kufukuzwa kwake, alijitahidi kutafuta kazi nyingine au alikaa tu, na mwajiri alikwisha kumlipa nini kwa hiari yake. Kila moja ya hayo linathibitishwa kwa karatasi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mpishi wa nyumba ya wageni Malindi analipwa 18,000 kwa mwezi, mkononi, bila mkataba. Ametumikia miaka 4. Miaka 2 ya mwisho hakwenda likizo. Hakuandikishwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Siku moja kumetokea ugomvi wa samaki waliopotea jikoni, akaambiwa usirudi kesho. Hesabu ya madai yake huja hivi:

Notisi ya mwezi mmoja: 18,000.
Likizo, siku 42 za kazi (21 kwa mwaka), kwa 18,000 gawanya kwa 26: takriban 29,077.
Malipo ya utumishi, ambayo mahakama kwa kawaida huyahesabu kwa siku 15 za kila mwaka uliokamilika: 9,000 mara 4, yaani 36,000.
Posho ya nyumba, asilimia 15, kwa miezi 48: 2,700 mara 48, yaani 129,600.
Fidia ya juu kabisa, miezi 12: 216,000.

Jumla ni 428,677, kabla ya gharama za kesi na riba. Na hapo hatujagusa sikukuu za umma wala saa za ziada.

Tazama tena mstari wa posho ya nyumba. Wengi hudhani kilichowaangusha ni kile kisa cha samaki, kumbe 129,600 zimetokana na sentensi moja ambayo haikuandikwa popote. Mwajiri anatakiwa ampe mfanyakazi mahali pa kulala panapofaa, au ampe posho ya kupanga nyumba, au mkataba useme wazi kwamba mshahara umejumlisha nyumba. Wakili wako anaweza kubisha kwamba sehemu ya madai hayo imepitwa na wakati, na huenda akafaulu. Lakini kubisha kunagharimu, na sentensi ni bure.

Hatua ya 1: Kagua watu wako wote mwezi huu

Chukua daftari moja. Kila mtu ukurasa wake: mpishi, wahudumu, msafishaji, askari, mtunza bustani, nahodha na mabaharia wake, hata kijana anayechota maji na kuongoza punda. Andika siku aliyoanza, analipwa vipi, ana karatasi gani, amekwenda likizo lini, na makato yake yanafikishwa wapi. Mahali palipo wazi ndipo penye hatari.

Anza na vibarua, kwa sababu hapo ndipo Pwani inapojidanganya zaidi. Kibarua kisheria ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi, au akiwa kwenye kazi ambayo kwa hali yake haiwezi kuisha ndani ya miezi 3, kifungu cha 37 kinamgeuza kuwa mfanyakazi wa mwezi, anayestahili notisi ya siku 28. Akifikisha miezi 2 mfululizo, anapata haki zote za Sheria ya Ajira kana kwamba alianza hivyo. Kumlipa kila Jumamosi hakumrudishi kuwa kibarua. Kumwita kibarua kwenye vocha kwa miaka mitatu nako hakusaidii. Kunamwonyesha hakimu kwamba ulijua na ukaendelea.

Kwa mtu wa siku mbili tatu kwa kweli, weka masta roli yenye jina, namba ya kitambulisho, tarehe, kazi aliyofanya, malipo na sahihi yake. Akija leo na asije tena mpaka wiki ijayo, pengo lionekane kwenye karatasi. Pengo hilo ndilo ushahidi wako, na likikosekana, neno lake la kwamba alikuwa akija kila siku litasimama.

Kisha tazama mshahara wenyewe. Kima cha chini kiliongezwa kwa asilimia 6 kuanzia tarehe 1 Novemba 2024, na viwango hutofautiana kwa eneo: miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu ina chake, zilizokuwa manispaa zina chao, na sehemu nyingine zina chao. Malindi ilikuwa manispaa. Usichukue kiwango cha shamba ukakileta mjini. Hoteli na mikahawa ina amri yake ya mishahara, na kama wafanyakazi wako ni wanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, na kuna makubaliano ya pamoja yanayokuhusu, hayo ndiyo ya kufuatwa yakiwa yana manufaa zaidi kwa mfanyakazi.

Makato tuyapitie haraka. NSSF ni asilimia 6 kwa mfanyakazi na 6 kwako, kwa viwango vya ngazi mbili. Bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako. Kumkata mtu halafu usifikishe ni kosa la jinai: faini hadi 100,000 au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. NSSF ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Mfanyakazi aliye mwanachama wa NSSF kwa kawaida hastahili malipo ya utumishi. Katika mfano wetu, zile 36,000 zingefutika.

Hatua ya 2: Andika mkataba, hata kwa aliyekwisha kukaa miaka

Kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na wa kuuandika ni mwajiri. Ukifika mahakamani bila mkataba, kifungu cha 10 kinakutupia mzigo. Yeye atasema tulikubaliana 25,000, na wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba si kweli. Kwa aliyekaa muda mrefu bila karatasi, mpe mkataba sasa, na uandike tarehe ya kweli aliyoanza kazi. Usimwandike kana kwamba ameanza mwezi huu. Jirani, mfanyakazi mwenzake na taarifa za M-Pesa zitaonyesha ukweli, na ukikamatwa na uongo mmoja, hakimu hatakuamini katika jambo jingine lolote.

Kurasa mbili zinatosha. Zisikose: majina na namba za vitambulisho, cheo na kazi zenyewe, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi na siku ya mapumziko (angalau siku moja katika kila siku saba), mshahara na siku ya kulipwa, likizo, utaratibu wa ugonjwa, notisi, na utaratibu wa nidhamu. Kuhusu nyumba andika sentensi ya namna hii: «Mshahara huu wa shilingi 20,700 kwa mwezi ni wa jumla. Unajumlisha mshahara wa msingi wa 18,000 na posho ya nyumba ya 2,700.» Usichukue 18,000 zilezile ukazigawanya ili posho itoke ndani yake, ikiwa kwa kufanya hivyo msingi unashuka chini ya kima cha chini. Hapo utakuwa umefunika shimo kwa kuchimba jingine.

Kama mfanyakazi hasomi vizuri, msomee kwa lugha anayoielewa. Kiini cha mambo ni kuonyesha kuwa ulifanya hivyo, kwa hiyo andika chini ya mkataba: «Nimesomewa na kuelezwa kwa Kigiryama (au Kiswahili, au Kiamu), nimeelewa», aweke sahihi au dole gumba, na shahidi mmoja atie sahihi pia. Mpe nakala yake.

Nyumba za wageni wa ng'ambo zina mtego wake. Watamu na Shela kuna nyumba nyingi ambazo mwenyewe yuko Italia au Uingereza miezi kumi, na msimamizi wa hapa ndiye anayeajiri, kulipa na kufukuza. Sheria inapofafanua mwajiri inamjumuisha wakala, msimamizi na meneja. Kwa hiyo msimamizi asiye na karatasi ya kuonyesha anafanya kazi kwa niaba ya nani anaweza kushtakiwa kwa jina lake, na hukumu ikamwandama yeye. Ewe msimamizi, dai barua ya uwakilishi iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba, na kila mkataba wa mfanyakazi utaje jina la mwajiri wa kweli na anwani yake. Usikubali kumfukuza mtu kwa ujumbe wa simu kutoka ng'ambo.

Hatua ya 3: Weka kumbukumbu zitakazookoka chumvi na mchwa

Mwajiri wa Amu ambaye alilipa kila kitu kwa haki bado anaweza kushindwa, kwa sababu faili lilikuwa kwenye kabati la ukutani, unyevu ukaingia, mchwa wakala, na risiti za mashine zikafifia zikawa nyeupe. Nakala za hati za ajira huhifadhiwa miaka 5 baada ya mtu kuondoka. Piga picha kila karatasi siku inapotiwa sahihi, na uihifadhi mahali pawili, simu na barua pepe.

Kinachotakiwa kila mwezi ni peisilipu yenye mshahara wa msingi, posho, kila kato na kilichobaki. Lipa kwa benki au M-Pesa na uandike sababu. Ukilipa mkononi, chukua sahihi papo hapo, si mwisho wa mwaka kwa kukusanya sahihi kumi na mbili kwa kalamu moja. Hakimu anaziona karatasi za namna hiyo mara nyingi na anazitambua.

Likizo iwe na fomu: ameomba lini, ameruhusiwa kutoka lini hadi lini, amebakiwa na siku ngapi, sahihi mbili. Ni siku 21 za kazi kila baada ya miezi 12. Anayeondoka kabla ya mwaka, baada ya miezi 2 au zaidi, huhesabiwa siku 1.75 kwa kila mwezi. Kusema «alikuwa akienda kwao kila Maulidi na kila Idi» si uthibitisho wa likizo.

Saa za kazi vilevile. Kanuni ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 kwa wiki, zilizosambazwa katika siku sita, na kazi za usiku saa 60. Zaidi ya hapo ni mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu ya umma ni mara mbili. Saa moja ya mtu wa mwezi hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi kwa 225. Kwa 18,000 ni shilingi 80, na saa ya ziada ni 120. Hoteli zitazame amri yao. Askari wa usiku ndiye anayesahauliwa zaidi. Saa 12 kwa siku 7 ni saa 84 kwa wiki, na madai ya askari mmoja wa miaka mitatu yanaweza kuzidi ya mpishi na wahudumu wawili kwa pamoja. Ajiri askari wa pili wa kupokezana, hata kwa siku mbili za wiki.

Kuhusu sahani zilizovunjika na hesabu ya baa iliyopungua: kukata mshahara kunaruhusiwa kwa hasara iliyosababishwa na kusudi la mfanyakazi, kwa kiasi cha haki, na makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kugawanya hasara ya stoo kwa wafanyakazi wote, mwenye kosa na asiye nalo, ni deni unalojitengenezea.

Hatua ya 4: Msimu wa chini

Kuanzia Aprili, mvua za masika zikiingia na kusi likipanda, hoteli nyingi hufunga mpaka Julai. Mwajiri huwaambia watu: nendeni nyumbani, tutawaita. Kauli hiyo haina jina katika sheria, na kesi nyingi za hapa zinaanzia hapo. Kuna njia nne zenye jina, chagua moja na uiandike.

Likizo ya mwaka ndiyo rahisi. Wape siku zao 21 wakati hoteli imefungwa, kwa malipo kamili. Ni haki yao hata hivyo, na wakirudi Julai huna deni la likizo.

Likizo bila malipo inawezekana kwa makubaliano tu. Barua itaje tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi, na kila mmoja atie sahihi kwa hiari. Asiyekubali, usimlazimishe, mtafutie njia nyingine.

Mkataba wa msimu, kwa mfano 15 Julai hadi 31 Machi, huisha wenyewe tarehe ikifika. Mwandikie mwezi mmoja kabla kumkumbusha kwamba utaisha na hutaurefusha. Ukimwacha afanye kazi wiki mbili baada ya tarehe bila karatasi, au ukiurudia mwaka baada ya mwaka huku ukimwambia «wewe ni wetu, utarudi tu», umempa hoja ya kusema alitarajia kuendelea.

Ya mwisho ni kupunguza wafanyakazi kabisa. Hapo kifungu cha 40 hakina mzaha: notisi ya maandishi ya angalau mwezi mmoja kwa mfanyakazi (au chama chake) na kwa afisa wa leba, ikieleza sababu, uteuzi unaotazama aliyekaa muda mrefu, ujuzi, uwezo na uaminifu, likizo yote ilipwe kwa fedha, notisi ya mwezi au malipo yake, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ukiruka barua ya afisa wa leba, hata kama umelipa kila senti, umefungua mlango wa fidia.

Hatua ya 5: Kabla ya kumfukuza mtu

Hapa ndipo miezi 12 inapoamuliwa. Mahakama huuliza maswali mawili: kulikuwa na sababu ya kweli? Na utaratibu ulifuatwa? Mwizi aliyekamatwa na samaki mkononi bado anaweza kulipwa fidia kama alifukuzwa papo hapo bila kusikilizwa, ingawa mchango wake katika kosa utaipunguza. Kulipa notisi peke yake hakutibu. Notisi ni deni, sababu na utaratibu ni mambo mengine.

Kifungu cha 41 kinataka umweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu unayofikiria kumwachisha, na umsikilize, naye awe na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua mwenyewe. Kwa vitendo ni siku nne tano tu:

Siku ya kwanza, mpe barua ya kujieleza. Taja tukio, tarehe, saa na kanuni iliyovunjwa. «Umekuwa na tabia mbaya» haitoshi, maana hakuna anayeweza kujitetea kwa neno hilo. Andika hivi: «Bwana fulani, tarehe 3 saa moja usiku kilo 6 za nguru hazikuonekana kwenye friza, na wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo. Tunakuomba utupe maelezo yako kwa maandishi kabla ya tarehe 6 saa nne asubuhi.» Mpe si chini ya saa 48. Ukihitaji kumweka kando wakati wa uchunguzi, mweke kwa mshahara, ili usimwadhibu kabla ya kumsikiliza.

Baada ya jibu lake, au muda kupita bila jibu, mwite kwenye kikao kwa barua nyingine yenye tarehe, mahali, na sentensi isemayo ana haki ya kuja na mwenzake. Aliyelalamika asiwe ndiye mwamuzi pekee. Mtu mmoja aandike muhtasari: waliokuwepo, aliyosema kila mmoja, maswali na majibu. Muhtasari utiwe sahihi na wote, na akikataa, andika kwamba amekataa, shahidi atie sahihi.

Pumzika angalau siku moja ndipo utoe uamuzi. Barua iliyochapwa kabla ya kikao hujulikana kwa tarehe yake. Eleza sababu, eleza anachostahili kulipwa, na umpe siku za kukata rufaa kwa mwenye hoteli.

Utoro una taratibu zake. Mtu amekwenda Faza kwenye harusi na hakurudi. Usikae ukisema amejiondoa mwenyewe. Mpigie, mtumie ujumbe, mtumie barua kwa anwani aliyoandika kwenye mkataba au kwa ndugu yake, na uhifadhi yote. Mpe tarehe ya kuripoti na kueleza. Asipokuja, andika uamuzi na nakala uipeleke ofisi ya leba. Bila juhudi hizo, dai la «alitoroka» huangushwa na sentensi moja: «Nilifika getini askari akanizuia.»

Hatua ya 6: Siku anayoondoka

Hata aliyefukuzwa kwa kosa kubwa analipwa mshahara wa siku alizofanya na likizo iliyobaki. Mlipe siku hiyohiyo, na karatasi ionyeshe hesabu mstari kwa mstari. Mpe cheti cha utumishi, ni haki ya yeyote aliyefanya kazi wiki 4 au zaidi. Kukizuia ni kosa lenye faini hadi 100,000 au kifungo hadi miezi 6, na kunamharibia mtu riziki kwa chuki tu. Isitoshe, asiye na cheti anaposema hakupata kazi nyingine, wewe ndiye sababu.

Mkipatana kwa kiasi fulani, andikeni hati ya kumaliza madai. Mahakama ya Rufaa, katika hukumu ya mwaka 2018, ilishikilia hati kama hiyo kuwa inamfunga aliyetia sahihi kwa hiari, akijua anachokubali, bila kulazimishwa wala kudanganywa. Kwa hiyo itaje kila dai lililohesabiwa, isomwe kwa lugha yake, mpe siku moja au mbili akashauriane, na fedha zipite benki au M-Pesa. Hati ya mstari mmoja iliyotiwa sahihi getini, askari akiwa amesimama pembeni, haitakusaidia.

Hatua ya 7: Barua ya madai ikifika

Andika tarehe uliyoipokea. Usimpigie mfanyakazi kumfokea, wala usiwaulize wenzake nani anamtia maneno. Usitengeneze karatasi mpya za tarehe za nyuma. Kusanya kila kitu kwenye faili moja kwa mpangilio wa tarehe.

Fanya hesabu ya deni kwa uaminifu, kama tulivyofanya kwa mpishi. Lile ambalo mwenyewe unaliona ni halali, lilipe mara moja, bila kungoja kesi, na barua ieleze limelipia nini. Hii ndiyo hatua inayoshusha fidia kuliko zote katika wakati huu. Deni linatoka mezani, riba inakosa mahali pa kukaa, na mahakama huyatazama malipo uliyokwisha kutoa. Ugomvi unabaki juu ya sababu na utaratibu, na hapo mnaweza kupatana. Barua ya kutoa ofa iandikwe «bila kuathiri haki za pande zote», ili isitumiwe kama kukiri. Nenda ofisi ya leba ukiitwa, na faili lako. Afisa wa leba husuluhisha bila malipo, na mara nyingi mambo humalizika pale.

Hesabu pia muda. Madai ya mkataba wa kazi hufungwa baada ya miaka 3, na kosa lililokuwa likijirudia lina miezi 12 tangu likome. Wakili alione hilo mwanzo kabisa.

Hatua ya 8: Kesi ikifunguliwa

Anayelipwa si zaidi ya 80,000 kwa mwezi kesi yake inaweza kusikilizwa na hakimu wa ngazi inayoruhusiwa, na kwa wengi hapa hiyo ina maana ya Mahakama ya Malindi au ya Lamu. Zaidi ya hapo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo nayo inakaa Malindi. Hati ulizopelekewa zina siku za kujibu. Zihesabu tangu siku ya kupokea, si siku uliyopata nafasi ya kusoma. Usipojibu, hukumu ya upande mmoja hutolewa na kila alichodai kinaweza kukubaliwa.

Shahidi awe aliyeona: aliyefanya kikao, aliyeshika ufunguo wa friza. Mhasibu aliyeajiriwa mwaka jana hawezi kueleza ya mwaka juzi. Ujumbe wa WhatsApp na taarifa za M-Pesa zikichapishwa, ziambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya Sheria ya Ushahidi, la sivyo zinaweza kukataliwa. Kama unajua mfanyakazi alipata kazi nyingine wiki tatu baadaye, leta uthibitisho, maana jambo hilo huingia katika hesabu ya fidia. Mahakama ikiwapa nafasi ya upatanishi, nenda mwenyewe au mtume mwenye ruhusa ya kutoa neno la mwisho. Anayesema «nitamuuliza bosi» hupoteza siku nzima ya wote.

Hukumu ikitoka na huridhiki, rufaa kutoka kwa hakimu hukatwa ndani ya siku 30. Kutoka Mahakama ya Ajira kwenda Mahakama ya Rufaa, notisi huwekwa ndani ya siku 14. Rufaa peke yake haizuii dalali wa mahakama kuja kubeba friji na jenereta. Lazima uombe amri ya kusimamisha utekelezaji, na mara nyingi utatakiwa kuweka fedha za hukumu mahakamani au kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili, kwa hiyo anza kuzitafuta siku hukumu inaposomwa.